Kambale Anakula Chambo, Ndoano Inarudi Tupu: Mwongozo Kamili wa Kuvua Kutoka Ukingoni

Swali ninaloulizwa ni lile lile: "Nimekaa lamboni tangu saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Mshipi umevutwa mara nane, chambo kimeliwa mara nane, sijatoa hata kambale mmoja. Nakosea wapi?"

Karibu kila anayeuliza anakosea katika mambo mawili. Chambo amekiandaa kama vile samaki atakiona, na mkono wake unavuta mapema mno. Kambale hawindi kwa macho. Macho yake ni madogo, maji anayoyapenda ni ya tope, na muda wake mkuu wa kula ni usiku. Anaongozwa na harufu pamoja na zile sharubu zake nane. Ukilishika hilo, kila hatua hapa chini utaona kwa nini ipo.

Mimi huvua Hombolo, Dodoma, na malambo madogo ya jirani, siku za mapumziko, nikiwa nchi kavu bila mtumbwi. Utaratibu huu unafaa pia kwenye mabwawa ya Mtera na Nyumba ya Mungu, na mto wowote unaopita taratibu kwenye tope. Mwishoni nimeweka maneno machache kwa walio Naivasha na Masinga, Kenya, ambako wengi wanamtafuta samaki aitwaye kapu (carp).

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Fimbo ya kuvulia ya mita 2.4 hadi 3, pamoja na rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) yenye breki inayofanya kazi. Kama huna, zungushia mshipi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nilianza na chupa, na kambale wa kilo tatu hutoka nayo bila shida.
- Mshipi wa nailoni wa milimita 0.40 hadi 0.45, mita 100 au zaidi. Mwembamba kuliko huo utakatikia kwenye matete.
- Nailoni nene ya milimita 0.50 au zaidi, mita mbili tu, kwa ajili ya kipande cha mwisho kinachoshika ndoano. Mdomo wa kambale una ukanda wa meno madogo kama msasa, na nailoni nyembamba husagika humo.
- Ndoano namba 2/0 hadi 4/0. Namba za madukani hutofautiana, kwa hiyo pima kwa mkono: nafasi kati ya ncha na mti wa ndoano itoshe kupitisha kidole cha mwisho.
- Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, lenye tundu katikati, gramu 30 hadi 60.
- Shanga za plastiki na pete za kuzunguka zile ndogo zinazozuia mshipi usijisokote.
- Wavu wenye mpini, koleo ya mdomo mrefu, kisu, kitambaa kizito, na ndoo yenye mfuniko.
- Taa ya kichwani, buti za mpira, dawa ya mbu, sabuni na maji safi ya kunawa.
- Kengele ndogo ya kufunga kwenye ncha ya fimbo. Usiku itakusaidia kuliko macho.

Kuhusu ruhusa: pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri, au kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) pale ulipo mwalo. Watakueleza kama unahitaji leseni, na kama bwawa limefungwa kwa msimu. Nenda hata kama lengo lako ni kujifurahisha tu. Hao hao ndio watakaokuambia upande gani una mamba.

## Hatua ya 1: Chagua mahali mchana, vua usiku

Fika kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayefika gizani hutupa mshipi popote, halafu hulalamika kwamba bwawa halina samaki.

Tafuta maeneo haya: pale kijito kinapoingilia bwawani, ukingo wa matete, chini ya mti ulioangukia majini, au mahali ambapo maji ya kina kifupi yanateremka ghafla. Kambale hushinda kwenye kina na kivuli, kisha giza likiingia hupanda kuja kutafuta chakula karibu na ukingo. Kwa sababu hiyo usijichoshe kutupa mbali. Wengi wa samaki wangu nimewapata kati ya mita 5 na 15 kutoka niliposimama.

Kabla ya kuweka chambo, ichunguze ardhi ya chini. Funga chubwi peke yake, tupa, kisha vuta polepole ukiwa umeushika mshipi kwa vidole viwili. Tope huvuta kwa uzito laini, kama unaburuta kitambaa kilicholowa. Mawe hugongagonga. Majani hushika kidogo, huachia, hushika tena. Unachotaka ni tope au mchanga mgumu karibu na majani, wala si ndani ya majani yenyewe.

Tazama pia uso wa maji. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, na mara kwa mara hupanda juu kuichukua. Utaona duara moja la maji na mapovu machache, kisha kimya. Ukiona hivyo mara tatu sehemu moja ndani ya nusu saa, hapo usipaache.

Kwa msimu, Dodoma wakati mzuri ni mvua zinapoanza, kuanzia Desemba. Maji mapya yakiingia bwawani, kambale huyafuata hadi kwenye nyasi zilizofurikwa ili kutaga na kula. Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, hula kwa uvivu, nami huenda mara chache.

Onyo. Pasipo uhakika kuhusu mamba, kaa mita kadhaa kutoka majini, usinawie wala kusafishia samaki ukingoni, na usirudie sehemu ile ile kila siku saa ile ile. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi: ukiona njia pana iliyokanyagwa inayoshuka majini, hama. Usijiweke kamwe kati yake na maji. Na usiingize miguu mitupu kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, kwa sababu ya kichocho.

## Hatua ya 2: Andaa chambo kinachonuka

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hupotea.

Nyungunyungu ndio chambo cha kuanzia. Chimba kwenye udongo wenye unyevu, karibu na migomba au bomba linalovuja. Weka wanne au watano kwenye ndoano moja ili mikia yao ibaki inacheza. Mmoja peke yake ataliwa na samaki wadogo kabla kambale hajafika.

Maini na utumbo wa kuku vinapatikana bei rahisi kwa wachinja kuku. Utumbo usiuoshe. Uache kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa tatu au nne mahali penye joto ili harufu ikolee. Maini ni laini na hupeperuka ukitupa, hivyo yafunge kwa uzi wa kushonea, mizunguko sita au saba, bila kuyaminya sana.

Vipande vya samaki, dagaa wabichi au minofu ya perege, hufaa pale unapomtaka kambale mkubwa. Kambale mkubwa hula samaki wenzake. Kata mnofu mrefu wenye ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo inayoshikilia ndoano.

Sabuni ya mche. Msishangae. Wavuvi wa migonzo (mishipi mirefu yenye ndoano nyingi) huko Ziwa Victoria wameitumia sana. Hukatwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, hupitishwa ndoano, na huyeyuka polepole majini. Faida yake kubwa ni kwamba samaki wadogo hawaigusi.

Pamoja na chambo cha ndoano, tengeneza madonge ya kuita samaki: pumba za mahindi, vumbi la dagaa, na tope la pale pale ukingoni. Kanda mpaka donge la ukubwa wa chungwa lishikamane. Tupa matatu au manne tu pale utakapoweka ndoano. Ukitupa kumi, umemshibisha.

Utajuaje umefaulu? Donge linalofaa huzama zima, na baada ya dakika chache utaona mapovu madogo juu yake. Likitawanyika juu ya maji, ongeza tope.

## Hatua ya 3: Funga mshipi ili chubwi lisimshtue

Utaratibu ni huu, na usiubadilishe mpaka uwe umeshapata samaki wa kutosha:

1. Pitisha mshipi mkuu kwenye tundu la chubwi. Chubwi libaki linateleza.
2. Pitisha shanga moja, ili chubwi lisigonge fundo.
3. Funga pete ya kuzunguka kwenye mwisho wa mshipi.
4. Upande wa pili wa pete funga kipande cha nailoni nene, sentimita 30 hadi 40.
5. Mwisho wake funga ndoano.

Kambale akichukua chambo na kuondoka, mshipi unapita katikati ya chubwi huku chubwi limelala chini. Hahisi uzito. Wengi hufunga chubwi kwa fundo kabisa, karibu na ndoano. Kambale akinyanyua anakuta kitu kizito kinamfuata, anatema. Wewe unaona mshipi umetikisika mara mbili, halafu kimya.

Fundo: pitisha nailoni kwenye tundu la ndoano, izungushie juu ya yenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kijitundu kilichobaki karibu na ndoano, ilowanishe kwa mate, kisha vuta polepole. Mate si ushirikina. Nailoni kavu ikivutwa hupata joto la msuguano na kudhoofika hapo hapo kwenye fundo.

Jaribio. Zungushia nailoni kwenye kitambaa mkononi, shika ndoano kwa koleo, vuta kwa nguvu. Fundo likiteleza hata kidogo, kata ufunge upya. Halafu weka ncha ya ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba na uivute kwa upole. Ikikwama ni kali. Ikiteleza, inoe au itupe.

## Hatua ya 4: Weka chambo, ncha ibaki wazi

Miezi yangu ya kwanza Hombolo nilipoteza samaki bila idadi. Usiku mmoja, baada ya kuvutwa mara ya tano bure, niliileta ndoano chini ya taa na kuitazama vizuri. Ini lilikuwa limesukumwa likawa bonge gumu, limejaa kwenye ule upinde wote, na ncha imezama katikati yake kama msumari ndani ya gogo. Pembezoni mwa bonge kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo ya meno. Samaki alikuwa ameuma, ameshikilia, nami nilikuwa nimevuta. Ndoano haikugusa nyama yake kabisa.

Tangu siku hiyo, chambo changu hukaa kwenye mti wa ndoano, na ncha pamoja na kile kijimwiba chake hubaki nje. Usiogope kwamba samaki ataiona. Ni usiku, maji ni tope, na hatumii macho.

Badilisha chambo kila baada ya dakika 30 hadi 40 hata kama hakijaguswa. Kilichokaa muda mrefu kimeshatoa harufu yake yote majini, hakiiti tena.

## Hatua ya 5: Tupa, kisha tulia

Tupa taratibu. Chambo kikitua, subiri chubwi lifike chini, kaza mshipi kidogo, kisha uachie ulegee kiasi cha nusu mita. Egemeza fimbo kwenye mti wenye panda uliouchomeka imara ardhini. Legeza breki ya rili mpaka uweze kuvuta mshipi kwa vidole viwili. Nimeshuhudia fimbo nzima ikiburutwa majini kwa sababu mwenyewe alikaza breki akaenda kuchemsha chai.

Mwenye chupa: chomeka kijiti ukingoni, zungusha mshipi mara moja juu yake, na lundika mita mbili za mshipi uliolegea kando yake.

Kaa kimya. Kambale anasikia vizuri sana, na mtikisiko wa hatua nzito ukingoni humfikia kupitia ardhi na maji. Taa usiielekeze majini.

## Hatua ya 6: Mpe nafasi aondoke

Huu ndio wakati ambao watu wengi huharibu kazi ya jioni nzima.

Vuta-vuta za haraka na nyepesi, kama mtu anagonga kucha kwenye meza, ni samaki wadogo. Usifanye lolote. Kambale huanza kwa kugusagusa mara moja au mbili, hutulia, halafu mshipi huanza kuondoka. Unaondoka bila kusita, kuelekea upande mmoja.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukikaa jirani ukingoni aliniona ninavyoruka kila kengele inapolia.

"Mwanangu, unamnyang'anya," aliniambia.

"Shikamoo mzee. Nikichelewa si atatema?"

"Marahaba. Anatema akisikia mkono wako. Usipomshika, atakwenda nacho kwake akale. Mwache aanze safari."

Fanya hivi: shika fimbo bila kuvuta. Acha mshipi uende mita moja hadi mbili. Kisha kaza breki, kusanya ulegevu wote mpaka uhisi uzito wake mkononi, na inua fimbo kwa nguvu moja iliyo thabiti. Kuchapa kama kiboko cha punda hurarua chambo.

Usisubiri pia kupita kiasi. Ukimwacha dakika nzima atameza ndoano hadi tumboni, na hapo hutaweza kumrudisha majini akiwa mzima.

Utajuaje umefaulu? Uzito unabaki na unatikisa kichwa. Ukihisi mapigo mazito ya pole kutoka chini, huyo ni kambale.

## Hatua ya 7: Mtoe majini

Kambale hukimbilia matete na mizizi. Weka fimbo upande wa kushoto au kulia, mbali na majani, umgeuze kichwa. Akivuta, mwache avute dhidi ya breki. Akipumzika, kusanya. Usikusanye wakati anavuta. Utakata mshipi au utajisokotea rili.

Karibu na ukingo hujizungusha kama anayejinasua. Hapa ndipo pete ya kuzunguka inapolipa gharama yake. Usimnyanyue kwa mshipi hata kama ni mdogo. Zamisha wavu majini kwanza, muelekeze kichwa ndani yake, kisha nyanyua.

## Hatua ya 8: Mshike bila kuchomwa

Kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu, nao hujifunga ukiwa umesimama. Usimkamate ubavuni. Mlaze kwenye kitambaa kilicholowa, pitisha kiganja nyuma ya kichwa, vidole vikae nyuma ya miiba hiyo, ubane. Toa ndoano kwa koleo. Kama ameimeza, kata nailoni karibu na mdomo.

Ukichomwa, nawa jeraha kwa maji safi na sabuni hapo hapo, si maji ya bwawa. Jeraha la kina, au lenye kuvimba siku ya pili, nenda kituo cha afya waangalie na chanjo ya pepopunda.

Wadogo na majike yenye tumbo la mayai msimu wa mvua mimi huwarudisha. Usimhamishie kambale kwenye lambo jingine kwa nia ya kupandikiza. Atamaliza samaki wa humo.

Unayekwenda kumla, mpige kichwani mara moja kwa rungu. Asipouawa anaweza kukaa hai kwa saa nyingi kwenye gunia bichi, na hayo ni mateso. Ute wake unatoka kwa kusuguliwa na majivu au chumvi, kisha maji.

## Kwa wanaovua kapu

Kapu ana magamba makubwa na sharubu nne tu. Naivasha alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia mwaka 2010 alikuwa ndiye samaki mkuu katika mavuno ya ziwa hilo. Yeye hula mchana pia, hasa asubuhi na jioni, na mdomo wake ni laini.

Punguza ndoano hadi namba 4 au 6 (si 4/0: kwa namba zisizo na /0, namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo). Chambo kiwe ugali mgumu uliokandwa na unga wa ngano kidogo, ukubwa wa karanga, au punje za mahindi yaliyochemshwa. Chubwi linaloteleza libaki lile lile. Madonge ya pumba ongeza, kwani kapu hutembea kwa makundi na hukaa penye chakula. Kwake usisubiri aende mita mbili: mshipi ukikaza au ukilegea ghafla, inua kwa upole. Ukivuta kwa nguvu unampasua mdomo.

## Bado unashindwa? Angalia haya

Zimepita saa mbili nzima bila hata mguso. Sogea mita 20 kando ya ukingo. Kama bado, badilisha chambo: kutoka nyungunyungu kwenda utumbo. Ukitoka kwenye maji tulivu kwenda pale kijito kinapoingilia, mara nyingi tofauti inaonekana ndani ya saa moja.

Chambo kinaisha, mshipi unatikisika tu. Ni samaki wadogo. Weka sabuni au mnofu mgumu wenye ngozi.

Anashika, anavuta kidogo, anaachia. Tazama ncha ya ndoano kwa ukucha. Halafu tazama kama imezikwa.

Mshipi unakatika kila mara. Pitisha mita tatu za mwisho katikati ya vidole ukiwa umefumba macho. Ukihisi mkwaruzo wowote, kata kipande hicho chote ufunge upya, usiku huo huo, kabla ya kutupa tena.